Mtoto aliyeugua kambini akawa daktari: nini kilimsaidia?

Kuna swali ambalo wazazi wengi kambini hujiuliza usiku, watoto wakiwa wamelala. Je, mtoto aliyekimbia risasi akiwa mgongoni mwa mama yake, aliyekula mlo mmoja kwa siku, aliyepoteza baba au dada, anaweza kweli kuja kuwa mwalimu, muuguzi, fundi au daktari? Au yale aliyoyapitia yamekwisha kumharibia maisha?

Vijana nao wana swali lao. Wanauliza: kuna faida gani kusoma, ikiwa kesho nitaamka hapa hapa?

Katika toleo hili tunajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kufuata maisha ya mtu mmoja. Hatukumchagua kwa sababu ana jina kubwa. Tumemchagua kwa sababu maisha yake nusura yakatike kambini, kwa magonjwa yale yale tunayoyatibu hapa kila siku: malaria, utapiamlo na kifua kikuu. Tena, ukiangalia vizuri mambo yaliyomwokoa, utaona kwamba mengi kati yake yamo mikononi mwetu sisi wenyewe.

KUTOKA KABUL HADI KAMBINI

Waheed Arian alizaliwa mwaka 1983 mjini Kabul, mji mkuu wa Afghanistan. Wakati huo nchi yake ilikuwa vitani. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia mwishoni mwa mwaka 1979, na hayakuondoka hadi mwezi wa Februari 1989. Mtoto Waheed alizoea kujificha chini ya nyumba pamoja na wazazi na ndugu zake kila makombora yalipoanza kuanguka.

Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka mitano, wazazi wake waliamua kuondoka. Walivuka milima kuelekea Pakistan wakiwa na farasi na punda, kwa njia ambazo wakimbizi wengine walikuwa wamekwisha kufia. Walifika kwenye kambi iliyo karibu na mji wa Peshawar. Wengi wenu mnaijua hali hiyo bila kuelezwa: joto kali, watu wengi kwenye nafasi ndogo, maji yasiyotosha, na mbu.

Haukupita muda mrefu Waheed akaanza kuugua. Alipata malaria. Alikonda kwa kukosa lishe. Kisha akapatikana na kifua kikuu. Kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo, magonjwa hayo yakikutana huwa ni hatari kubwa ya kifo. Lakini wazazi wake walimfikisha kwa daktari, akatibiwa, akapona.

Daktari huyo alifanya jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye cheti cha dawa. Alimwona mtoto akimtazama kwa hamu anapofanya kazi. Akampa kile kifaa ambacho madaktari huweka masikioni kusikiliza kifua, pamoja na kitabu cha zamani cha udaktari. Mtoto hakuweza kukielewa kitabu kile. Ila tangu siku hizo alijua anataka kuwa nani.

DOZI ILIYOKAMILIKA

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wataikumbuka zawadi ya daktari na kuisahau dawa. Bila dawa zile, kitabu kile kingebaki bila mwenyewe.

Kifua kikuu hakitokani na uchawi, na hakirithiwi kwa damu. Ni ugonjwa wa vijidudu vinavyoenea kwa hewa pale mgonjwa anapokohoa, hasa penye msongamano na pasipopitisha hewa. Unatibika. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6, na dawa hunywewa kila siku. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba baadhi ya watoto ambao ugonjwa wao si mkali wanaweza kutibiwa kwa miezi 4. Mhudumu wa afya ndiye atakayekuambia muda unaomfaa mtoto wako.

Taabu ni kwamba mgonjwa huanza kujisikia nafuu baada ya wiki chache tu. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mtoto anaanza kucheza. Hapo ndipo familia nyingi huacha dawa. Vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kurudi, na safari hii vinaweza kuwa sugu, visisikie dawa za kawaida.

Mlete mtoto kituoni bila kuchelewa ukiona dalili hizi:

- kikohozi kinachozidi wiki mbili;
- homa isiyoisha, au kutokwa jasho jingi usiku;
- kupungua uzito, au kutoongezeka uzito wakati wenzake wanakua;
- mtoto kunyong'onyea na kuacha kucheza;
- mtu mwingine ndani ya nyumba ana kifua kikuu, hata kama mtoto haonekani mgonjwa. Watoto wa chini ya miaka 5 walioishi na mgonjwa wanaweza kupewa dawa za kinga.

Na wahudumu wanapopita nyumbani kwako na utepe wa kupimia mkono, usimfiche mtoto kwa aibu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miezi 59, mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimeta 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Kipimo hicho hakimhukumu mama. Kinafungua mlango wa matibabu na chakula dawa. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza ya maisha, kwa hiyo shule ya mtoto huanza kwenye sahani yake, muda mrefu kabla ya kwenda darasani.

SHULE ILIYOKATIKA NA KUUNGWA

Maisha ya Waheed hayakunyooka baada ya kupona. Mwaka 1991 familia ilirudi Kabul ikitumaini amani. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, safari hii ndani ya mji wenyewe. Masomo yake yalikatika mara nyingi. Alijisomea kwa vitabu alivyoweza kuvipata.

Mwaka 1999, akiwa na miaka 15, wazazi wake walimtuma Uingereza peke yake. Alifika London akiwa na takriban dola 100. Hakuwa na cheti cha maana wala ndugu wa kumpokea kama mzazi. Alifanya kazi tatu kwa wakati mmoja, zikiwemo za usafi na za dukani, na sehemu ya mshahara aliituma nyumbani. Jioni alikwenda darasani. Wapo waliomwambia kwamba udaktari si wa watu kama yeye, afadhali atafute kazi ya udereva wa teksi.

Mwaka 2003 alipata nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mojawapo ya vyuo vya zamani na vyenye sifa kubwa duniani. Baadaye alifuzu, akafanya kazi katika hospitali za Uingereza, hata katika idara ya wagonjwa wa dharura.

Mwaka 2015 alianzisha shirika liitwalo Arian Teleheal. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Daktari aliyeko Afghanistan au penginepo penye vita akikutana na mgonjwa mgumu, hutuma picha na maelezo kwa simu ya kawaida, na madaktari wa kujitolea walioko Uingereza na nchi nyingine humpa ushauri. Yule mtoto aliyetibiwa na daktari wa kambini sasa anawasaidia madaktari wanaotibu watoto kama alivyokuwa yeye.

JERAHA LISILOONEKANA

Sehemu hii ya habari yake husimuliwa kwa nadra, lakini sisi watu wa afya tunaiona kuwa muhimu kuliko zote. Waheed Arian amesema hadharani kwamba vita havikuisha kichwani mwake alipofika mahali penye usalama. Alikuwa na kumbukumbu zilizomrudia bila kuitwa, hofu ya ghafla na huzuni. Akiwa mwanafunzi alitafuta msaada wa wataalamu. Hakuona aibu kusema hivyo, naye ni daktari.

Kwetu, mara nyingi mtu wa namna hiyo huambiwa ajikaze, hasa akiwa mwanamume. Mtoto naye huambiwa anyamaze, mambo yale yamekwisha pita. Lakini kiwewe hakiondoki kwa kunyamazishwa. Mtoto anaweza kurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Anaweza kupiga kelele usingizini, kushtuka kwa kila mlio, kuwapiga wenzake, kung'ang'ania nguo ya mama, au kukaa kimya kabisa. Kijana anaweza kuacha shule, kuanza kunywa pombe, au kusema kwamba afadhali angekufa.

Huo si ukaidi, wala si pepo. Ni jeraha. Kama jeraha la mguu, lipo linalopona lenyewe likitunzwa vizuri, na lipo linalohitaji kituo cha afya. Mtoto akirudishiwa utaratibu wa siku, yaani muda wa kula, wa shule, wa kucheza na wa kulala, na akiwa na mtu wa kumsikiliza bila kumkaripia, mara nyingi hurudi taratibu katika hali yake. Dalili zikiendelea kwa wiki kadhaa, au zikizidi, mlete kituoni au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Na mtu yeyote akitamka kwamba anataka kujiua, usimwache peke yake. Mlete siku hiyo hiyo.

UTAFITI UNASEMAJE?

Pengine utasema: huyo ni mmoja kati ya elfu, Mungu alimjalia. Ni haki yako kuuliza. Basi tuangalie habari ya watoto wengi.

Katika kisiwa cha Kauai, kwenye visiwa vya Hawaii vilivyo chini ya Marekani, watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia Emmy Werner waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Waliwafuatilia tangu kabla ya kuzaliwa hadi walipokuwa watu wazima wenye miaka 40. Karibu theluthi moja ya watoto hao walikulia katika shida nzito: umaskini, ugonjwa wa kuzaliwa, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili.

Wengi kati ya hao wa shida nzito walipata matatizo shuleni au ujanani, na hilo halishangazi. Lakini mmoja kati ya kila watatu alikua vizuri: alisoma, akafanya kazi, akajenga familia, akawajali wengine. Watafiti wakauliza: hawa walikuwa na nini ambacho wenzao walikosa?

Hawakuwa na fedha zaidi. Jambo moja lililojirudia ni hili: karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wake wakati wote. Si lazima awe mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, kaka mkubwa, mwalimu, jirani, au kiongozi wa dini. Pia walikuwa na kitu walichokiweza vizuri na kuonea fahari, na walikuwa na wajibu mdogo nyumbani uliowaonyesha kwamba wanahitajika.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine la kutia moyo. Wengi wa wale walioharibikiwa ujanani walijirekebisha walipofika miaka 30 na 40. Kilichowageuza mara nyingi kilikuwa nafasi ya pili: kurudi shuleni wakiwa watu wazima, kazi, ndoa yenye amani, au jumuiya ya waumini. Kwa hiyo hata wewe uliyeacha shule zamani, mlango haujafungwa.

MFANO WA KARIBU: KIGUTU, BURUNDI

Tusiende mbali sana. Wasomaji wetu wa Burundi na wa mashariki ya Kongo huenda wamewahi kusikia habari za Deogratias Niyizonkiza. Alikulia vijijini Burundi, katika familia iliyoishi kwa kilimo na ng'ombe. Mwezi wa Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na mauaji yakaenea nchini, yeye alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Alikimbia kwa miguu hadi Rwanda, na mwaka 1994 akalazimika kukimbia tena.

Alifika New York, Marekani, akiwa na fedha kidogo na bila kujua Kiingereza. Alipeleka vyakula vya dukani majumbani kwa ujira mdogo, na usiku alilala katika bustani kubwa ya mji huo. Kisha watu wasiokuwa jamaa zake, walioguswa na hali yake, walimpokea na kumpa mahali pa kuishi. Akarudi masomoni katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Baadaye alirudi kusini mwa Burundi na kuanzisha shirika la Village Health Works, ambalo kituo chake cha afya kilifunguliwa mwaka 2007 huko Kigutu, kwenye milima inayotazama Ziwa Tanganyika. Gari halikuweza kufika, kwa hiyo wanakijiji wenyewe walitoka na majembe na sururu wakachimba barabara. Kumbuka kwamba watu hao walikuwa wametoka kwenye miaka ya vita, na wengi walikuwa wagonjwa na maskini. Lakini walichimba.

Umeona mfano unavyojirudia? Kwa Waheed alikuwapo daktari wa kambini. Kwa Deogratias walikuwapo wageni waliofungua mlango. Kwa watoto wa Kauai alikuwapo bibi au mwalimu. Aliyeinuka hakuinuka kwa sababu alikuwa na moyo wa chuma kuliko wenzake. Aliinuka kwa sababu jitihada zake zilikutana na mkono wa mtu.

TUSIDANGANYANE

Hatusemi kwamba kila mtoto wa kambini atakuwa daktari akijituma. Hiyo si kweli, na ni vibaya kumwambia kijana hivyo, kwa sababu asipofika atajiona mzembe.

Nafasi ni chache. Kwa takwimu ambazo UNHCR iliwahi kuzitoa, wakimbizi waliokuwa wakisoma vyuoni walikuwa asilimia 7 tu ya vijana wa umri huo. Huko nyuma, kwa miaka mingi, ilikuwa asilimia 1. Lengo lililowekwa ni kufika asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo mlango unafunguka, lakini polepole, na wapo vijana wenye akili nyingi watakaobaki nje bila kosa lao.

Wasichana wana mzigo zaidi. Foleni ya maji, kuni, kulea wadogo na ndoa za mapema huwatoa darasani kabla ya kumaliza. Mzazi unayemwoza binti wa miaka 15 ili kupunguza midomo ya kulisha, fahamu kwamba mwili wake haujawa tayari kwa uzazi. Anakabiliwa na hatari kubwa ya kifafa cha mimba na ya uchungu wa muda mrefu unaoweza kumletea fistula. Hasara hiyo haipungui kwa mahari.

Tunachosema ni kidogo zaidi ya ndoto, na kina uhakika zaidi: utoto mgumu huongeza hatari, lakini hauamui mwisho. Kati ya hatari na mwisho kuna nafasi, na katika nafasi hiyo sisi sote tuna kazi.

WEWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

Ikiwa wewe ni mzazi au mlezi:

- Mpe mtoto chanjo zote na ukamilishe kila dozi ya dawa.
- Ongea naye kila siku, hata dakika chache. Muulize alichojifunza, ingawa wewe hukusoma. Mtoto anayeulizwa hujua kwamba shule yake ina maana nyumbani.
- Mpe kazi ndogo anayoiweza, kisha umshukuru. Usimpe kazi inayomtoa darasani.
- Ikiwa unamlea mtoto wa ndugu au yatima uliyemkuta njiani, mpe haki sawa na wa tumbo lako. Wewe huenda ndiye mtu mzima wake mmoja.
- Jitunze na wewe. Mzazi aliyevunjika moyo hupata shida kumshika mtoto. Njoo uzungumze, huduma hii ni ya wakubwa pia.

Ikiwa wewe ni kijana:

- Tunza karatasi zako. Ripoti za shule, cheti cha msingi, diploma ya serikali, cheti cha mafunzo yoyote: viweke kwenye mfuko wa plastiki mahali pakavu, na uvipige picha kwa simu ya mtu unayemwamini. Vilipotea kwenye vita? Waulize walimu na ofisi ya elimu namna ya kupata uthibitisho au mtihani wa kukupanga darasa.
- Jifunze lugha ya nchi unayoishi. Aliyesoma kwa Kifaransa akaja nchi ya Kiingereza asianze kujiona mjinga. Kilichobadilika ni lugha, si akili yake.
- Ulizia ufadhili wa DAFI, unaolipwa hasa na Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR tangu mwaka 1992, kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma vyuo katika nchi zilizowapokea. Kuomba ni bure. Mtu akikudai fedha ili akupatie nafasi, huyo ni mwizi, toa taarifa.
- Anza na kilicho karibu. Kazi ya afya ina ngazi nyingi: mhamasishaji wa usafi, mhudumu wa afya ya jamii, mkalimani wa wagonjwa, msaidizi wa lishe, mkunga, muuguzi, fundi wa maabara. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba leo anajifunza mambo ambayo mwanafunzi wa chuo atayasoma kwenye kitabu.

Ikiwa wewe ni mwalimu, jirani au kiongozi wa dini:

- Mjue kwa jina mtoto anayekaa peke yake.
- Usimpige wala kumwaibisha mtoto anayesinzia darasani. Muulize kama amelala, na kama amekula.
- Sema neno jema kwa sauti. Kwa mtoto aliyezoea kufukuzwa, kuambiwa kwamba anaweza jambo fulani ni kitu kigeni, na hukikumbuka kwa miaka.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUTUULIZA

Mtoto wangu aliona baba yake akiuawa. Nimzungumzishe habari hiyo au niiache?

Usimlazimishe kusimulia. Lakini akianza mwenyewe, msikilize, na umjibu ukweli kwa maneno ya umri wake. Mwambie kwamba halikuwa kosa lake. Watoto wengi hudhani msiba ulitokea kwa sababu wao walifanya jambo baya.

Mtoto aliyekosa lishe akiwa mdogo, akili yake haiwezi tena kurudi?

Utapiamlo wa muda mrefu unaweza kumrudisha nyuma, ndiyo maana tunataka kuuzuia mapema. Lakini chakula bora, matibabu, michezo na mazungumzo humsaidia mtoto kuendelea. Usimkatie tamaa wala kumwita mpumbavu.

Kijana wangu ana miaka 19 na yuko darasa moja na watoto wa miaka 13. Anaona aibu. Afanyeje?

Aibu hiyo ni ya kweli, usimcheke. Uliza kama kuna masomo ya haraka kwa waliochelewa, au mafunzo ya ufundi. Pia mkumbushe kwamba vita vilimchukulia miaka yake; hakuitupa yeye.

Nina kifua kikuu. Je, nitaruhusiwa kuendelea na masomo?

Ndiyo. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha kawaida wakiwa kwenye dawa sahihi huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Mhudumu atakuambia siku ya kurudi darasani. Muhimu ni kutokatisha dozi.

KUMBUKA

Daktari wa ile kambi ya Peshawar alikuwa na wagonjwa wengi siku ile, kama walivyo nao wahudumu wetu. Hakuweza kumaliza vita wala kumpa mtoto yule nchi. Alimpa dawa, na dakika chache za kumwona kama mtu.

Ndugu msomaji, katika mtaa wako kuna mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili, au asiyekwenda shule, au asiyecheka tangu mlipofika. Wiki hii mtembelee mlezi wake, kisha mje pamoja kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Kupimwa ni bure, na mazungumzo yenu yatabaki siri.